Mwongozo wa Kuusoma Utendi wa Beowulf kwa Sauti Mbele ya Watu Wazima

Utendi wa Beowulf, uliotungwa kwa Kiingereza cha Kale, una mishororo 3,182, na umetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, iliyoandikwa na waandishi wawili karibu na mwaka 1000. Nakala hiyo, ambayo leo imehifadhiwa British Library jijini London, ilinusurika moto mwaka 1731 huku kingo za kurasa zake zikiwa zimeungua. Maneno kadhaa yaliyokuwa kwenye kingo hizo tunayajua kwa sababu tu msomi wa Kiaislandi, Grímur Thorkelin, alipata nakala mbili zilizoandikwa katika miaka ya 1780, kabla kurasa hazijazidi kumomonyoka. Leo watu wengi hukutana na utendi huu darasani, kila mmoja akiusoma kimya kimya peke yake, ilhali ndani ya utendi wenyewe ushairi ni kitu cha kusikilizwa kwa pamoja: malenga wa Mfalme Hrothgar huimba ukumbini jinsi dunia ilivyoumbwa, na sauti ya kinubi chake ndiyo inayomkera zimwi Grendel huko nje gizani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuurudisha utendi huo masikioni mwa watu wazima, iwe katika maktaba, chuo, kituo cha utamaduni au sebule kubwa ya nyumba. Yako mambo mengi ya kupanga, lakini yote yanatoka kwenye jambo moja: msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji. Aliyeshika kitabu akisahau Hygelac ni nani atafungua ukurasa uliopita. Aliyekaa kwenye kiti akisikiliza hana ukurasa, na akipotea mara mbili hatakufuata tena. Kila unapokwama kuamua jambo, jiulize uamuzi huo unamfanyia nini mtu huyo.

Hatua ya kwanza: pima muda kabla ya kuchagua chochote

Kwa kasi ya kutulia, msomaji mzuri husoma mishororo 15 hivi kwa dakika. Utendi mzima kwa kasi hiyo unahitaji takriban saa tatu na nusu za kusoma tu, bila mapumziko wala maelezo. Viko vikundi vinavyousoma wote kwa siku moja, wasomaji wakipokezana, na ni jambo la heshima kubwa. Lakini kwa mara ya kwanza sikushauri ufanye hivyo, kwa sababu wasikilizaji waliochoka hawarudi. Lenga mishororo 900 hivi, yaani saa moja ya kusoma, uigawe kwa pumziko la dakika ishirini, kisha uongeze maelezo mafupi ya kuunganisha vipande na mazungumzo ya mwisho. Shughuli nzima itamalizika ndani ya saa mbili na robo.

Usikadirie kwa macho. Chukua saa, soma kwa sauti mishororo 60 ya tafsiri utakayoitumia, uone imechukua dakika ngapi. Tafsiri za nathari na zile za kishairi hutofautiana sana kwa urefu, na msomaji mwenye wasiwasi huharakisha kuliko anavyodhani.

Hatua ya pili: chagua vipande kwa ajili ya watu wazima

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ninapoomba utumie muda mwingi zaidi. Mazoea yaliyoenea ni kuchukua mapambano matatu, yaani Grendel, mama yake Grendel, na joka, na kuyatupa mengine yote. Kwa watoto mpango huo unafaa. Kwa watu wazima unaunyima utendi uzito wake, kwa sababu sehemu kubwa ya Beowulf ni uzee, deni la damu, wazazi waliofiwa na wana, na ufalme unaojua kwamba mlinzi wake akifa maadui watakuja. Mtu aliyekwisha kumzika mzazi au kugombana na ndugu juu ya urithi atayasikia mambo hayo kwa namna ambayo kijana wa miaka kumi na minne hawezi.

Kwa hiyo napendekeza mpangilio ufuatao, nikitumia nambari za mishororo zilizozoeleka katika machapisho ya matini asilia. Nusu ya kwanza ifunguliwe na mazishi ya Scyld, mwanzilishi wa ukoo wa wafalme wa Denmark, aliyewekwa merikebuni pamoja na hazina na kuachiwa bahari imchukue (1 hadi 52). Halafu soma kujengwa kwa ukumbi wa Heorot na miaka kumi na miwili ya mateso ya Grendel (64 hadi 193). Safari ya Beowulf, shujaa kijana wa kabila la Wageati la kusini mwa Sweden ya leo, kuja Denmark isimuliwe kwa maneno machache, ili mfike haraka kwenye majibizano yake na Unferth, mtu wa baraza la Hrothgar, mezani (499 hadi 606). Majibizano hayo ni ya lazima. Unferth anamkumbusha mgeni mbele ya watu wote kwamba aliwahi kushindwa katika mashindano ya kuogelea, na mgeni anajibu kwa hesabu yake mwenyewe ya yaliyotokea kabla ya kumwambia kwamba yeye, Unferth, aliwaua ndugu zake. Msikilizaji aliyewahi kuhudhuria malumbano ya washairi wa Mwambao atajua papo hapo yuko wapi. Malizia nusu hiyo kwa usiku wa pambano na Grendel (702 hadi 836).

Nusu ya pili ianze na mama yake Grendel anapokuja kulipiza kisasi (1251 hadi 1309), iendelee na maelezo ya ziwa anamokaa (1345 hadi 1376), kisha pambano la chini ya maji (1492 hadi 1590). Baada ya hapo soma nasaha za Hrothgar kwa kijana mshindi (1758 hadi 1784), ambamo mfalme mzee anamwambia kwamba nguvu zake ni za muda, kwamba ugonjwa, upanga, moto, mafuriko au uzee utamfikia, na kwamba yeye mwenyewe alitawala miaka hamsini akidhani hana adui kabla ya Grendel kutokea. Katika maelezo yako ya kuunganisha usisahau kusema kwamba Beowulf naye atatawala miaka hamsini kabla ya joka kuamka. Huhitaji kuongeza neno. Waliosikiliza wataunganisha wenyewe.

Viko vipande viwili vifupi ambavyo waandaaji wengi huviacha, nami naona kuviacha ni hasara. Cha kwanza ni maombolezo ya mtu wa mwisho wa kabila lililokwisha, anayeirudishia ardhi dhahabu ya watu wake kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuinywea vikombe wala kuzisugua kofia za vita (2247 hadi 2270). Cha pili ni mfano wa baba mzee ambaye mwanawe ananing'inia kwenye kitanzi cha kunyongea (2444 hadi 2462). Beowulf anautoa mfano huo akimkumbuka Mfalme Hrethel, ambaye mwanawe mmoja alimuua mwenzake kwa mshale bila kukusudia, na baba hakuweza kudai fidia wala kisasi kwa sababu muuaji alikuwa mwanawe pia. Kila kipande kinasomwa kwa chini ya dakika mbili. Baada ya hapo liingie joka na jeraha la mauti (2538 hadi 2711), ambamo wenzake Beowulf wanakimbilia msituni na Wiglaf peke yake anabaki, na mwisho ni mazishi (3137 hadi 3182).

Ukikosa muda, punguza pambano la joka kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ndilo refu zaidi, na wasikilizaji hulifuata kwa urahisi hata likikatwa katikati kwa sentensi mbili za maelezo.

Hatua ya tatu: amua lugha, kisha shughulikia haki za tafsiri

Hadhira inayosoma Kiingereza bila shida inaweza kusikilizishwa tafsiri ya Kiingereza cha leo, huku maelezo ya kuunganisha yakitolewa kwa Kiswahili. Tafsiri ya Seamus Heaney ya mwaka 1999 inasikika vizuri sana kwa sauti, kwa kuwa mtunzi wake alikuwa mshairi aliyejali pumzi ya msomaji, lakini bado iko chini ya hakimiliki, na kuisoma hadharani, hasa kwa kiingilio, kunahitaji kibali cha wachapishaji. Andika barua ya kuomba kibali miezi kadhaa mapema, ukitaja tarehe, idadi ya viti, mishororo mnayotaka na kama kutakuwa na kurekodi. Ikiwa hamna bajeti wala muda wa kusubiri, tumieni tafsiri ya Francis Gummere ya mwaka 1909. Mfasiri alifariki mwaka 1919, na kwa hiyo hata pale ambapo haki hudumu miaka 70 baada ya kifo, kama Uingereza, tafsiri hiyo sasa ni ya umma. Ina maneno ya kizamani yanayohitaji mazoezi, ila imehifadhi mdundo wa asili kuliko tafsiri nyingi.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipenda zaidi, ni kikundi chenyewe kuandaa Kiswahili cha vipande vitakavyosomwa. Mishororo 900 ni kazi ya miezi, kwa hiyo mnaweza kuanza na mazishi ya Scyld, kuja kwa Grendel na yale maombolezo mawili, na kuyaacha mengine katika Kiingereza. Kama mnafanya kazi kutoka kwenye tafsiri ya mtu mwingine, kumbukeni kwamba kuifasiri nayo pia kunahitaji ruhusa ikiwa haki zake bado zipo.

Mtakapoanza, mtashawishika kuutia utendi huu katika mizani minane na vina vya tenzi zetu. Nashauri msifanye hivyo, japo naelewa mvuto wake. Ushairi wa Kiingereza cha Kale hauna vina vya mwisho wala hauhesabu mizani. Kila mshororo una ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), kila upande una silabi mbili zenye mkazo, na pande hizo mbili hushikamanishwa na sauti ya mwanzo ya silabi zenye mkazo: mkazo wa kwanza wa utao ndio unaotoa sauti hiyo, na mkazo mmoja au yote miwili ya ukwapi huitikia. Ukiulazimisha ukae ndani ya vina, sentensi zitaanza kufuata kina badala ya kufuata habari, na maneno ya kujazia yataingia.

Jambo hili linawezekana kwa Kiswahili, lakini lina mtego wake. Upatanisho wa kisarufi unatupa takriri, yaani marudio ya sauti, ya bure, kama katika "vita vile vya vijana", na mfasiri hufurahi akidhani kazi imekwisha. Lakini mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo viambishi vya maneno marefu husikika kwa udhaifu na sikio haliyahesabu. Yanayobeba mdundo ni maneno ya silabi mbili, ambayo mkazo wake huangukia mwanzo wa neno. Angalia mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Kiza ukumbini, kimya cha kifo.

"Kiza", "kimya" na "kifo" yote yana mkazo kwenye "ki" ya mwanzo, na ndiyo maana unasikika ukiwa umeshikamana, ingawa hauna kina. Watunzi wa asili waliuacha mkazo wa mwisho wa utao bila takriri, nasi hatulazimiki kuwafuata katika hilo. Andikeni orodha ya maneno ya silabi mbili yanayohusu vita, bahari, ukumbi, dhahabu na kifo kabla ya kuanza kufasiri. Orodha hiyo itawasaidia kuliko kamusi.

Hatua ya nne: wasomaji na matini yao

Wasomaji wanne wanatosha kwa saa moja. Mmoja hupendeza lakini huchoka, na zaidi ya sita huwafanya wasikilizaji waanze kuangalia nani anakuja badala ya kusikiliza. Chagua watu wanaosoma kwa utulivu na wanaokubali kusahihishwa. Mwigizaji mahiri anaweza kuharibu usomaji huu kwa kuunguruma kila zimwi linapotajwa, maana utendi wenyewe husimulia kwa sauti ya mtu anayejua mwisho wa habari na haoni haja ya kuuficha.

Mpe kila msomaji karatasi zilizochapwa kwa herufi kubwa, upande mmoja tu, nafasi kati ya mistari ikiwa pana, na kila ukurasa ukimalizikia kwenye nukta. Katika karatasi hiyo achore mstari wima mahali pa kupumua na apige mstari chini ya maneno manne yenye uzito katika kila mshororo. Tafsiri nyingi hazitampa manne kila mara, na hapo atumie busara yake.

Kipande cha kufanyia mazoezi kuliko vyote ni kuja kwa Grendel. Mtunzi anasema mara tatu kwamba alikuja. Mara ya kwanza (702) anakuja kutoka usikuni, kivuli kinachotembea, na walinzi wote wamelala isipokuwa mmoja. Mara ya pili (710) anakuja kutoka nyikani, chini ya miteremko yenye ukungu, akiwa na hasira ya Mungu juu yake. Mara ya tatu (720) yuko ukumbini, na mlango uliofungwa kwa vyuma unaachia mara tu mikono yake inapougusa. Hakikisha tafsiri mnayotumia inayabakiza maneno hayo matatu ya kuja. Ikiwa mfasiri ameyabadilisha ili asirudie neno, chagueni nyingine. Msomaji asipandishe sauti kutoka kuja kwa kwanza hadi kwa tatu. Apumzike kidogo baada ya kila kimoja, kila pumziko likiwa fupi kuliko lililotangulia, na sauti ibaki pale pale. Hata pale Grendel anapomrarua askari aliyelala na kumla hadi miguu na mikono, isomwe kwa sauti hiyo hiyo. Ukiijaribu kwa namna zote mbili mbele ya watu wachache utaona ni ipi inayowafanya waache kutikisika vitini.

Ni vizuri pia mishororo mitatu ya kwanza isomwe katika Kiingereza cha Kale, kabla ya tafsiri kuanza, ili masikio yajue utendi huu ulisikikaje:

Hwæt! We Gardena in geardagum,
þeodcyninga, þrym gefrunon,
hu ða æþelingas ellen fremedon.

Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa. Herufi "þ" na "ð" zilitumika bila kutofautishwa, lakini mwanzoni mwa neno hutamkwa kama "th" ya "thamani", na katikati ya irabu kama "dh" ya "dhahabu", kwa hiyo "þrym" huanza na "th" nayo "æþelingas" ina "dh" ndani yake. Katika "geardagum", "g" ya kwanza hutamkwa kama "y", na ya pili kama "gh" ya "ghali". Vivyo hivyo "gefrunon" huanza na "ye". "C" hapa ni "k", na "y" ni "i" inayotamkwa huku midomo imeviringwa kama ya "u". Katika "Hwæt" zitamke "h" na "w" zote mbili. Mtu aliyezoea kusoma Kiswahili sanifu kwa sauti anaweza kuitamka mishororo hii vizuri baada ya alasiri moja ya mazoezi.

Kuhusu majina, kubalianeni mapema na wote wayatamke kwa namna moja. "Scyld" huanza kama "Shi", "Ecgtheow" hutamkwa karibu na "Ejtheo", "Hygelac" ni "Hiyelak", na "Heorot" ina silabi mbili, "eo" ikitamkwa kwa pamoja. Jina moja likitamkwa kwa njia mbili, msikilizaji atadhani ni watu wawili.

Hatua ya tano: maelezo ya kuunganisha

Kati ya kipande na kipande lazima mtu aseme yaliyorukwa, na ni bora awe mmoja usiku mzima, asiye miongoni mwa wasomaji, ili sauti ya mwelezaji isichanganywe na ya utendi. Kila maelezo yawe ya sentensi tatu hadi tano, yaandikwe na yasomwe kama yalivyo, kwa sababu anayeeleza kwa kichwa hurefusha. Taja watu kwa nafasi zao kabla ya majina: "mfalme mzee wa Denmark, Hrothgar", "Hygelac, mjomba wake Beowulf na mfalme wa Wageati". Beowulf ni mtoto wa dada yake Hygelac, na hadhira inayojua nafasi ya mjomba katika familia itashika upesi kwa nini kijana huyu anampelekea mjomba wake karibu zawadi zote alizopewa.

Usimwage historia yote ya Skandinavia. Majina ya watu na makabila ndani ya utendi ni mengi mno, na msikilizaji anahitaji kama kumi. Yaandike hayo kumi kwenye karatasi moja itakayowekwa juu ya kila kiti, kila moja na maelezo ya maneno machache, pamoja na mpangilio wa vipande. Karatasi hiyo isiwe na tafsiri yenyewe, maana watu wakipewa matini huinamisha vichwa wakasoma, na ukumbi mzima unageuka kuwa maktaba.

Hatua ya sita: ukumbi na muziki

Chumba cha watu arobaini hadi sitini kinafaa, chenye viti vilivyopangwa nusu duara ili nyuso zionane. Ikiwa msomaji anasikika hadi safu ya mwisho bila kipaza sauti, msikitumie. Kama feni au magari ya nje yanazidi nguvu, tumieni kimoja kilichosimamishwa mahali pamoja, na wasomaji wakifuate. Taa ya msomaji iwe na nguvu kuliko ya hadhira, lakini msizime za hadhira kabisa, kwa kuwa watu wazima wakikaa gizani baada ya kazi za siku husinzia. Chai na vitafunio viwekwe nyuma, vya pumziko, mbali na wasomaji.

Kuhusu muziki, hakuna anayejua kwa hakika utendi huu uliimbwa au ulisomwa vipi. Tunachojua ni ala yenyewe: mabaki ya kinubi yalichimbuliwa Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1939, na mfano uliotengenezwa upya kutokana nayo una nyuzi sita. Mwanamuziki wa Marekani, Benjamin Bagby, huimba Beowulf kwa Kiingereza cha Kale kwa kichwa, akijipigia kinubi cha aina hiyo, na onyesho lake limerekodiwa; wasomaji wenu wote walisikilize angalau dakika chache, wasikie jinsi anavyoziacha nyuzi ziseme wakati yeye amenyamaza.

Afrika Mashariki ni nyumbani kwa ala za ukoo huo huo: nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, litungu ya Wabukusu, obokano ya Wakisii, endongo ya Waganda. Kwa usomaji unaofanyika Kisumu, Nairobi au Kampala, kumwalika mpiga nyatiti au endongo kunafaa kuliko kutafuta kinubi cha kuigiza, hasa kwa kuwa nyatiti hupigwa misibani na mpigaji anajua kumtaja marehemu na ukoo wake. Mpeni nakala ya mpangilio mapema na mzungumze naye kama msanii mwenzenu, mumlipe kama mnavyomlipa msanii yeyote, na mmwachie aamue atapiga nini. Mahali pake ni mwanzo, pumziko, na kabla ya mazishi ya mwisho. Muziki chini ya maneno ya msomaji muuepuke, kwa sababu msikilizaji anayefuata majina mageni katika lugha iliyofasiriwa hana nafasi ya kufuata nyuzi pia.

Hatua ya saba: mazoezi

Fanyeni mazoezi mawili kamili na saa mkononi. Katika la pili mwalikeni mtu mmoja au wawili ambao hawajawahi kuusoma utendi huu, na baada ya kumaliza muwaombe wawasimulie waliyosikia, bila kuwauliza kama wamependa. Mahali watakaposema "halafu sijui ilikuwaje" ndipo maelezo yenu ya kuunganisha yanapokosa sentensi, au ndipo msomaji alipokimbia. Mara nyingi pengo huwa kati ya kurudi kwa Beowulf nyumbani na kuamka kwa joka, kwa sababu utendi wenyewe unavuka miaka hamsini kwa mishororo michache. Hapo ongezeni kwamba mtu fulani alidokoa kikombe kwenye hazina ya joka, nalo likaanza kuchoma nchi kwa moto.

Hatua ya nane: siku yenyewe na baada yake

Mkaribishaji aseme kwa dakika tatu: utendi ni upi, ni wa lini, mtasoma kiasi gani, pumziko ni saa ngapi. Awaambie pia, bila kuomba radhi, kwamba kuna mauaji na maiti, ili aliyefiwa hivi karibuni ajue. Ukumbi wa hadithi, Heorot, unafanana na kumbi halisi: huko Lejre nchini Denmark wanaakiolojia wamechimbua msingi wa jengo la mbao lenye urefu wa karibu mita 50. Nimeona sentensi hiyo moja ikiwasaidia watu kuliona jengo kabla halijavamiwa.

Baada ya mazishi, wasomaji wakae, na mazungumzo yaanze baada ya dakika moja hivi. Anzeni na swali ambalo wote wanaweza kulijibu kutokana na waliyosikia, kama vile: Wiglaf aliwaambia nini waliokimbia, na je, walistahili? Mama yake Grendel alikuwa na haki ya kisasi kwa sheria ya watu wale wale waliomuua mwanawe? Mwanamke anayelia kwenye moto wa mazishi anaogopa nini hasa? Swali kuhusu tarehe ya utunzi au ufasiri wa neno fulani lijibiwe kwa kifupi na anayelijua, kisha mazungumzo yarudi kwa hadhira, maana wataalamu wawili wakianza kujibizana waliobaki huchukua mikoba yao.

Ikiwa mtarekodi, semeni mapema na mpate idhini ya wasomaji, mpigaji muziki na mwenye haki za tafsiri. Mlangoni wekeni daftari kwa wanaotaka kurudi, na kando ya kila jina nafasi ya kuandika kipande ambacho wangependa kukisikia kati ya vile mlivyoviruka. Cha kwanza kuwapendekezea ni kisa cha Finnsburg (1063 hadi 1159), ambacho malenga wa Hrothgar anakiimba karamuni, na ambamo Hildeburh anawalaza mwanawe na kaka yake katika moto mmoja, kila mmoja akiwa ameuawa upande wake wa vita. Kinajitegemea, kinasomwa kwa dakika saba, na pamoja na hotuba ya Wiglaf (2864 hadi 2891) kinatosha kuwa kiini cha usiku wa pili.